Ufa Huu Ni wa Nani? Vihisi, Majengo ya Zege na Haki ya Mpangaji



Kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana mapema na methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Huandikiwa insha, huulizwa katika mitihani, na maana yake huelezwa kwa sentensi moja: tatizo dogo lishughulikiwe kabla halijawa kubwa. Leo nakuomba uisome kwa jicho la sarufi. Kiambishi u- kilicho mwanzoni mwa "usipoziba" na "utajenga" ni cha nafsi ya pili umoja. Methali inamsemesha mtu mmoja. Mtu huyo ndiye anayeuona ufa, ndiye mwenye ukuta, ndiye mwenye udongo wa kuuziba, na ndiye atakayejenga upya akizembea. Kwa wahenga haikuwa taabu kuyaunganisha hayo yote katika nafsi moja, kwa sababu nyumba ya fito na udongo ilijengwa na yule yule aliyelala ndani yake.

Katika miji yetu ya leo nafsi hiyo imegawanyika. Anayeuona ufa ni mpangaji wa ghorofa ya tatu. Mwenye ukuta ni mtu ambaye huenda mpangaji hajawahi kumwona, kwa kuwa kodi hukusanywa na wakala. Anayejua maana ya ufa ni mhandisi. Mwenye mamlaka ya kuamuru watu watoke ni halmashauri ya mji. Ukuta ukianguka, anayefukiwa ni yule wa kwanza, naye kati ya wote wanne ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuuziba.

Nimeanza na methali kwa sababu nataka kuzungumza nawe juu ya chombo cha kisasa kinachodaiwa kuwa kitatuonyesha ufa kabla hatujauona: vihisi visivyotumia waya, vinavyofungwa katika majengo ya zege ili kupima kama jengo linaumia. Napenda nchi zetu zivitumie. Hata hivyo nashikilia kwamba vihisi vitaokoa watu pale tu sheria itakapotamka mambo mawili: kwamba taarifa ya hali ya jengo ni haki ya anayelala chini ya dari lake, na kwamba akishaambiwa kuna hatari, anaweza kuondoka bila kuadhibiwa. Pasipo hayo mawili tutakuwa tumenunua kifaa cha ghali cha kumnong'oneza mwenye nyumba.

Zege huumiaje?

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Likishakomaa hustahimili sana kubanwa, lakini ni dhaifu likivutwa: uwezo wake wa kustahimili mvuto ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya uwezo wake wa kustahimili mbano. Ndiyo maana mafundi hulaza nondo za chuma ndani yake. Boriti ikielemewa na mzigo, upande wake wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa. Zege hubeba mbano, nondo hubeba mvuto. Nguvu ya ghorofa ni ndoa ya vitu hivyo viwili.

Ndoa hiyo huharibika kwa njia nyingi. Kwanza ni kutu. Zege jipya lina kemia inayokilinda chuma, lakini kadiri miaka inavyopita hewa ya ukaa hupenya polepole, na katika miji ya pwani chumvi ya bahari hupenya pia, mpaka ulinzi ule unatoweka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hulisukuma zege kutoka ndani hadi lipasuke na kubanduka. Pili ni mzigo usiokusudiwa: ramani ilikuwa ya ghorofa nne, mwenye nyumba akaongeza ya tano na ya sita, kisha akaweka matangi ya maji juu yake. Tatu ni ardhi: msingi uliowekwa kando ya mto au juu ya kinamasi huzama upande mmoja kuliko mwingine. Nne, na pengine ndiyo inayouma zaidi, ni udanganyifu wa tangu siku ya kwanza: saruji imepunguzwa, maji yamezidishwa, nondo nyembamba zimewekwa mahali pa nene.

Mara nyingi jengo linaloumia hutoa dalili. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri huanza kukwama. Sakafu huinama kiasi kwamba mpira hujiviringisha wenyewe kuelekea ukutani. Plasta hupasuka mshazari kwenye pembe ya dirisha. Mkaaji huzoea, kwa kuwa dalili huja taratibu, na kwa kuwa hana mahali pengine pa kwenda kwa kodi ile anayoimudu.

Kihisi husikia nini?

Neno "kihisi" limeundwa kutokana na kitenzi "kuhisi" na limo katika ngeli ya KI-VI: kihisi kimoja, vihisi vingi. Ni kifaa kinachohisi badiliko fulani na kuligeuza kuwa namba. Katika majengo hutumika vya aina kadhaa. Kimoja ni ukanda mwembamba wa metali unaobandikwa juu ya nondo au zege. Ukivutwa hurefuka kidogo sana, umeme ukapita ndani yake kwa shida zaidi, na shida hiyo ndiyo inayopimwa. Kingine hupima upana wa ufa siku hadi siku. Kingine hupima mwinamo wa nguzo. Kingine husikiliza: zege likipasuka kwa ndani hutoa mlio mwembamba usiosikika kwa sikio la binadamu, na kifaa kilichobanwa kwenye nguzo huupokea. Kipo pia kinachopima mtikisiko, ndugu wa kile kilichomo katika simu yako, kinachoifanya picha igeuke unapoilaza simu upande.

Hiki cha mwisho kina habari ya kuvutia. Kila jengo lina mdundo wake. Upepo, magari ya mizigo na nyayo za watu hulitikisa kidogo sana, nalo huyumba kwa kasi iliyo yake, kama uzi wa zeze unavyotoa sauti iliyo yake. Uzi ukilegea, sauti hushuka. Jengo nalo likipoteza ukakamavu wake, mdundo hushuka. Mhandisi anayejua mdundo wa jengo lilipokuwa zima anaweza kuulinganisha na wa leo na kuuliza kilichotokea.

Kwa nini pasiwe na waya? Kwa sababu kutandaza waya katika ghorofa kumi, kutoboa kuta na kulipa mafundi huweza kugharimu kuliko vipimo vyenyewe. Kihisi kisicho na waya kina betri na redio ndogo. Hulala muda mwingi ili kutunza betri, huamka kupima, kisha hutuma matokeo kwa kituo cha kupokelea, au humpa jirani yake ayasogeze mbele. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifunga vihisi 64 vya namna hiyo kwenye daraja la Golden Gate la San Francisco, navyo vikapitisha vipimo vya mtikisiko kwa kupokezana, kimoja hadi kingine, mpaka ukingoni. Daraja lile ni la chuma, lakini njia ni ile ile inayotumika katika zege.

Msomaji, usije ukadhani kwamba namba hujieleza zenyewe. Jengo lililojulikana zamani kama Maktaba ya Millikan ni la zege, lenye ghorofa tisa, katika Taasisi ya Teknolojia ya California, lililojengwa katika miaka ya 1960 na kupimwa mtikisiko kwa miongo mingi. Vipimo vyake vimeonyesha kwamba mdundo wa jengo hubadilika kwa mvua kubwa, kwa upepo mkali na kwa joto, hata siku ambazo hakuna baya lililotokea. Matetemeko ya ardhi nayo yaliushusha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba tangu kujengwa kwake mdundo ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 22 katika uelekeo mmoja na asilimia 12 katika uelekeo mwingine, na jengo lilikuwa bado likitumika. Mtu asiye na ujuzi akiziona namba hizo angekimbia. Mtu mwingine asiye na ujuzi, akiambiwa jengo bado limesimama, angezipuuza namba zote. Wote wawili wangekosea. Kipimo kinahitaji kumbukumbu za tangu awali, na kinahitaji mhandisi wa kukitafsiri.

Kuna mpaka mwingine pia. Nguzo iliyomwagwa kwa zege hafifu inaweza kupasuka ghafla, kwa onyo fupi mno. Kihisi hakiongezi saruji iliyoibwa. Kwa jengo la namna hiyo kipimo cha maana kilitakiwa kufanywa wakati wa ujenzi: vipande vya zege vyenye umbo la mchemraba, kila upande milimita 150, huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28 ili kujua nguvu yake. Ni kipimo cha kale na cha bei nafuu. Nchi isiyodai kipimo hicho haijafika bado mahali pa kujivunia vihisi.

Onyo halikukosekana

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu. Wauzaji wa teknolojia hupenda kusema kwamba watu hufa kwa sababu hawakujua. Tazama mikasa mitatu, kisha useme mwenyewe.

Tarehe 23 Aprili 2013, katika jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka nchini Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana kwenye nguzo na kuta. Watu walitolewa nje. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalibaki yamefungwa siku iliyofuata. Washonaji wa nguo wa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini, wengi wakihofia kukatwa mshahara wa mwezi mzima. Asubuhi hiyo ya tarehe 24 jengo liliporomoka, likaua watu 1,134. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa pasipo kibali, na jenereta nzito ziliwekwa huko huko juu. Ufa ulikuwa umeonekana kwa macho matupu.

Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, sehemu ya jengo la makazi la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South iliporomoka huko Surfside, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Watu 98 walikufa. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kutaja uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea. Wakaaji wengi walikuwa ndio wamiliki. Ripoti ilikuwepo, na majadiliano juu ya gharama za ukarabati yalikuwepo. Kilichokosekana ni tarehe ya mwisho ambayo baada yake mtu asingeruhusiwa kuendelea kujadili.

Hapa nyumbani Afrika Mashariki, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lililosimama kando ya mto katika mtaa wa Huruma jijini Nairobi lilianguka. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Maafisa walieleza baadaye kwamba lilikuwa limejengwa bila kibali na kwamba lilikuwa miongoni mwa majengo yaliyotajwa kuwa ya kubomolewa. Alama ya hatari ilikuwa katika majalada, na wapangaji walikuwa wakiendelea kulipa kodi.

Katika mikasa yote mitatu ujuzi ulikuwapo mahali fulani: ukutani, katika ripoti, au katika jalada la ofisi. Haukuwa umeunganishwa na uwezo wa yule aliyekuwa ndani. Kihisi kingekuwepo Rana Plaza, kingepiga kelele ile ile ambayo nguzo zilikwisha kuipiga, na wasimamizi wale wale wangesema: rudini kazini.

Haki ya kujua na haki ya kuondoka

Tuangalie basi sheria zinasemaje. Hapa Uganda, Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali au chombo chochote cha Serikali, isipokuwa pale zinapoweza kuathiri usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya mwaka 2005 ya upatikanaji wa taarifa inaeleza namna ya kuziomba. Ni haki nzuri, lakini sikiliza mpaka wake: mikononi mwa Serikali. Ikiwa kihisi kimefungwa na mwenye nyumba, na vipimo vinaingia katika kompyuta yake, Ibara hiyo haimfikii.

Ng'ambo ya mpaka, Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwenda hatua moja mbele. Inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo kwa Serikali, na pia taarifa zilizo kwa mtu mwingine yeyote, zikihitajika kwa ajili ya kutekeleza au kulinda haki fulani. Haki ya kuishi ni haki. Taarifa kwamba nguzo imeinama inahitajika kuilinda. Kwa maoni yangu, maneno hayo machache yanatosha kuufungua mlango wa mwenye nyumba, nasi wa nchi jirani tungefanya vema kuyatamani.

Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, iliyounda bodi ya taifa ya kupitia masuala ya majengo pamoja na kamati za ujenzi katika wilaya na miji. Ina pia sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji, inayokataza kupangisha nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu. Kwa hiyo hatuanzii patupu. Napendekeza yaongezwe mambo matatu.

La kwanza, jengo lolote la kupangisha, la shule, la hospitali au la soko likifungwa vihisi, hukumu ya mhandisi juu ya vipimo iwafikie wakaaji siku ile ile inapomfikia mwenye jengo. Nasema hukumu, kwa kuwa mkaaji hahitaji kurundikiwa namba. Anahitaji neno moja kati ya matatu: salama, linafuatiliwa, tokeni. Neno hilo litiwe saini na mhandisi aliyesajiliwa, libandikwe mlangoni, na liandikwe katika lugha ambayo wakaaji wanaizungumza. Onyo lililoandikwa kwa Kiingereza cha ofisini katika nyumba ya wachuuzi wanaoelewana kwa Kiganda na Kiswahili ni karatasi tu.

La pili, neno "linafuatiliwa" lisiwe la milele. Liwe na tarehe ya mwisho, ambayo ikipita bila ukarabati hugeuka kuwa "tokeni". Surfside imetufundisha hilo. Florida yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2022 inayotaka majengo ya makazi ya pamoja yenye ghorofa tatu au zaidi yakaguliwe yakitimiza umri fulani, na muhtasari wa ripoti uwafikie wamiliki wa makazi.

La tatu ndilo gumu zaidi. Anayeondoka kwa sababu ya onyo asipoteze. Kodi isimame siku hiyo, amana yake irudishwe, mshahara wake usikatwe. Baada ya Rana Plaza, kampuni nyingi za nguo za kimataifa na vyama vya wafanyakazi vilitia saini mwezi Mei 2013 mkataba wenye nguvu ya kisheria uitwao Accord. Wakaguzi huru waliingia viwandani, ripoti zao ziliwekwa wazi kwa umma, na mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoamini kwa sababu za msingi kuwa ni hatari. Tazama mambo hayo yanavyoshikana: ukaguzi, uwazi, na haki ya kukataa. Ukiliondoa la tatu, mshonaji atakuwa anajua tu kwamba anakwenda kufa.

Wanaopinga wanasemaje?

Wapo watakaosema kwamba kuwaambia wapangaji kutaleta hofu, na kihisi kilichoharibika kitawatoa watu mia mbili usiku wa mvua bila sababu. Hoja hii ina uzito. Ndiyo maana nimetaka saini ya mhandisi isimame kati ya namba na mlango. Lakini hofu haizaliwi na taarifa pekee. Wakaaji wa nyumba yenye nyufa tayari huishi kwa uvumi: huyu kasikia mlio usiku, yule kaambiwa na mlinzi kwamba ghorofa ya juu imefungwa. Taarifa iliyotiwa saini hupunguza uvumi, hasa inaposema "salama".

Wapo watakaosema gharama itaangukia mpangaji, kwa kuwa mwenye nyumba atapandisha kodi. Ni kweli kwamba hatuwezi kuanza na kila nyumba. Tuanze na mahali wanapokusanyika wengi: shule, hospitali, masoko, hosteli za wanafunzi. Kwa nyumba nyingine, tudai yale yasiyo na gharama kubwa: kibali cha ujenzi, idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa na matokeo ya vipimo vya zege, yote yabandikwe mlangoni mwa kuingilia. Mpangaji anayejua kuhesabu ataona mwenyewe kwamba kibali kinasema nne na yeye anapanda ngazi hadi ya sita.

Wapo pia watakaosema kwamba vipimo ni mali ya aliyenunua kifaa. Huu ndio upinzani ninaouona kuwa dhaifu zaidi. Daktari ana kipimo cha joto kilicho mali yake, lakini homa ni ya mgonjwa. Mwenye jengo na amiliki kihisi. Hatari iliyopimwa ni ya wanaokaa ndani.

Wewe ufanye nini?

Huenda unaishi katika nyumba ambayo haitafungwa kihisi miaka ishirini ijayo. Usikae kimya kwa sababu hiyo. Mafundi wa zamani walibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, pande zote mbili zikishikwa kwa plasta. Kioo kikivunjika, walijua ufa ungali unatembea. Wewe unaweza kuanza na penseli. Weka alama mahali ufa unapoishia, andika tarehe kando yake, utazame tena baada ya wiki. Piga picha pamoja na rula. Angalia kama ufa uko kwenye plasta tu au umeingia katika nguzo na boriti. Angalia kama unakwenda mshazari, kama nondo zimeonekana, kama zina kutu, kama milango imeanza kukwama. Ufa mwembamba wa plasta katika nyumba mpya mara nyingi si wa kutisha. Ufa unaokua kwenye nguzo ni wa kupeleka habari leo, wala si kesho.

Kisha tumia ulichojifunza darasani. Mara nyingi wanafunzi huuliza barua rasmi ina faida gani nje ya mtihani. Faida yake ni hii. Andika kwa kamati ya ujenzi ya mji wako au afisa udhibiti wa majengo, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mwenye nyumba. Taja jengo lilipo, ghorofa ngapi, watu wangapi wanakaa, ufa uko wapi, ulikuwa na urefu gani tarehe gani na urefu gani tarehe nyingine. Omba ukaguzi na omba jibu la maandishi. Ofisi isipotumia lugha unayoimudu vizuri, tafuta wa kukusaidia kutafsiri, lakini usiache. Majirani waandike majina yao chini ya lako, maana barua ya mpangaji mmoja humfukuzisha mpangaji mmoja, na barua ya wapangaji arobaini huitisha mkutano.

Nami nikirudi kwenye sarufi niliyoanza nayo, nakuachia zoezi dogo. Iandike upya methali ile kwa nafsi ya pili wingi, kisha kwa nafsi ya kwanza wingi: msipoziba ufa mtajenga ukuta, tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Badiliko ni la kiambishi tu, lakini wajibu umehama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa wote wanne: aliyeuona, aliye na ukuta, aliye na ujuzi na aliye na mamlaka. Jamii inayozungumza kwa nafsi hiyo itavitumia vihisi vizuri. Inayoendelea kumwambia mpangaji peke yake "usipoziba" itaendelea kuchimbua kifusi.

Maswali ya kujadili

1. Je, kwa maoni yako, mwenye nyumba anayeficha ripoti ya mhandisi anapaswa kushtakiwa kwa kosa gani, hata kama jengo halijaanguka? Toa sababu.

2. Linganisha Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda na Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya kama zilivyoelezwa hapo juu. Ni ipi inayomsaidia mpangaji zaidi, na kwa nini?

3. Andika barua rasmi ya maneno yasiyozidi 200 kwa kamati ya ujenzi ya mji wako kuhusu jengo lenye nyufa. Zingatia tarehe, vipimo na ombi lililo wazi.